Kamba ya Nasinkoi

Mwaija aling'ata sambusa pale stendi ya mabasi Mombo, akakutana na unywele. Aliuvuta, ukaja, ukaendelea kuja. Akatema vyote bila kuangalia, vikatua juu ya kiatu cha mtu.

"Asante," mwenye kiatu akasema. "Nilikuwa na njaa."

Alikuwa kijana mrefu, kavaa jaketi zito la rangi ya chungwa kwenye joto lile, jasho linamchuruzika hadi kidevuni. Mwaija, fundi cherehani wa Korogwe, alikuwa ndani ya gauni la kitenge alilojishonea, na mtandio mweupe usio na doa. Alimtazama kwa kinyaa asichojali kukificha.

"Samahani, kaka. Ila hilo jaketi, unaumwa?"

"Naenda Kilimanjaro. Najifunza kupanda barafu."

"Mwee! Barafu nayo inapandwa? Inaota kwa mvua za vuli au za masika?"

Kijana alicheka mpaka akaegemea basi. Aliitwa Rehani, mtu wa Handeni, mpagazi wa mlimani aliyechoka kubeba mizigo. Alitaka kuwa kiongozi wa wageni kwenye kuta za barafu kule juu. Honi ilipolia walikuwa wameshapeana namba, na Mwaija alikuwa ameshamfutia kiatu.

Mapenzi yakakolea. Posa ikapelekwa, ikapokelewa. Rehani akirudi kutoka kwenye mafunzo ya mwisho, wazee wa Handeni wangekuja kuzungumza mahari.

Huko mlimani alipiga simu kila alipopata mtandao.

"Umekula, mpenzi?"

"Uji. Umeganda na kijiko ndani."

"Na soksi umebadilisha?"

"Zimelowa, laazizi. Nalala nazo tumboni zikauke."

"Tumboni! Rehani, ukija hapa sikugusi!"

Lakini alikuwa anatabasamu. Ni uchafu wa Rehani tu uliomchekesha.

Kisha ikaja ile simu ya upepo, maneno yanafika nusu nusu.

"Mwaija! Leo tumefunga! Mimi na Nasinkoi... mwalimu katufunga..."

"Umefunga na nani?"

"Nasinkoi! Wa kwetu Handeni! Kasema haniachii..."

Ikakatika. Mwezi wa Ramadhani ulikuwa mbali, na kwa Mwaija mtu asipofunga saumu hufunga ndoa. Mwalimu naye alimjua mmoja tu, yule wa madrasa, ambaye mtaani kwao ndiye huozesha watu. Akaiona picha nzima ya harusi. Kinywa kile kilichomwita laazizi! Alikwenda uani akapiga mswaki mpaka fizi zikatoka damu.

"Mama, wazee wa Handeni wasije."

"Umemuuliza mwenzio, mwanangu?"

"Nimuulize nini? Analeta wa pili, wa kwanza hajaingia hata ndani! Nikimfikiria natapika."

Akaifungia namba yake.

Baada ya siku kadhaa Rehani alitokea kwenye duka la Mwaija la ushonaji, Korogwe, akichechemea, pua imebambuka ngozi kwa jua la mlimani. Nyuma yake alisimama mwanamke wa Kimasai mwenye shuka jekundu na shanga, mkono umefungwa bandeji. Mwaija hakunyanyuka kwenye cherehani.

"Umekuja kunionyesha mkeo?"

"Mke gani?"

"Huyu uliyefunga naye! Si mwalimu kawafunga?"

Rehani aligeuka kumtazama mwenzake wa mlimani. Nasinkoi ndiye aliyeangua kicheko.

"Mimi niolewe na huyu? Anakoroma, na soksi zake zinanuka hema zima. Nina mume wangu, tena msafi."

"Kamba, Mwaija!" Rehani akasema. "Mwalimu wa mlima katufunga kamba! Barafu hupandi peke yako. Mnafungwa wawili, mmoja akiteleza mwenzake amshike."

"Na aliteleza," Nasinkoi akasema. "Glovu zangu zililowa, nilikuwa nimezivua. Kamba nikaikamata hivi hivi."

Alifungua bandeji. Kiganja kilikuwa kimechunika, nyama nyekundu, usaha pembeni, harufu ya dawa iliyochachuka. Kinyaa kilimpanda Mwaija. Mkono huu ulimshika Rehani asianguke, na yeye alikuwa amepiga mswaki hadi damu kwa kuwadhania vibaya. Alijichukia kuliko alivyopata kuchukia kitu chochote. Akaushika mkono ule kwa viganja vyake viwili, taratibu, bila kugeuza uso.

"Asante, dada. Nisamehe."

"Mie sina neno," Nasinkoi akasema, akatoka kutafuta soda.

Wakabaki wawili.

"Wazee wangu wameambiwa wasije," Rehani akasema. "Kwetu ni aibu kubwa. Niwaambieje?"

Mwaija alikuwa akizungusha uzi kidoleni.

"Uliponing'inia kule, ulimwita nani?"

"Mama."

"Mama! Mimi hata hukunikumbuka?"

Rehani aliinamisha kichwa. "Nilikukumbuka. Jina lako lilinifika mdomoni, nikalimeza. Nilijikojolea, Mwaija. Mkojo ukashuka mpaka ndani ya kiatu. Nikasema, huyu hata kwa mawazo asinione hivi, ataniacha."

Mwaija alianza kucheka. Alicheka hadi machozi yakamtoka, na machozi yakaendelea kicheko kilipokwisha.

"Waambie waje Jumapili," akasema. "Na hiyo suruali uichome."

"Nilishaifua."

"Ichome, Rehani."