Kizibo cha Tatu

Jumamosi asubuhi soko la vitu vilivyotumika lilikuwa limefurika, hata pa kuweka mguu hapana. Watu waliuziana majokofu, viti vya ofisi na masufuria yaliyoungua, na kila muuzaji aliapa kwamba chake ni kipya kabisa, kasoro umri tu. Katikati ya vurumai hiyo alisimama muuguzi mmoja wa wodi ya upasuaji, gauni la kijani mwilini, raba nyeupe miguuni, akiikagua baiskeli ya milimani kama anavyomkagua mgonjwa anayesema haumwi popote. Kazini walimwita Sista, mtaani vilevile, na hata baba yake mzazi akitaka jambo alimwita Sista.

Hospitali ilikuwa juu ya kilima na miguu ilikuwa imeshamchoka.

"Dada, usiitazame hivyo, itaona haya," sauti ilisema kutoka chini ya meza.

Mwanamume akajitokeza, ovaroli ya bluu, penseli nyuma ya sikio, mikono imejaa grisi. Huyu ndiye Fundi. Hakuwa mzuri wa sura kupita kiasi, lakini alikuwa na tabasamu la mtu asiye na haraka.

"Ina ugonjwa gani?" Sista aliuliza.

"Breki mpya, cheni mpya. Tairi la nyuma ni lile lisilo na tyubu ndani, na lina vizibo viwili."

Sista akacheka. "We Fundi, mbona unajiharibia biashara mwenyewe?"

"Kesho utaiosha utaviona, utanitukana nisipokuwepo. Afadhali unitukane nikisikia."

Akalizungusha gurudumu, akamwonyesha vimkia viwili vyeusi vilivyochungulia katikati ya meno ya tairi.

"Kwa hiyo naambiwa ninunue tairi lenye viraka."

"Kizibo kikikaa hapa, panapokanyaga barabara, hakina neno. Meno yataisha kizibo bado kipo. Ila kikiwa ubavuni, hapo hata unipe bure sipandi. Ubavu unapinda pinda, kizibo hakishiki."

"Nani kasema?"

"Mimi. Na magoti yangu, yaliyoanguka miaka kumi na minne hadi yakajua."

Baiskeli ikanunuliwa. Fundi akampa na kipimo kidogo cha upepo, bila kuombwa. "Pima kila jioni. Presha isome ishirini na tano. Ikishuka, nipigie nikubadilishie tairi."

"Na isiposhuka?"

"Nipigie vilevile."

Mwanamke mwingine angesonya akaondoka. Sista aliandika namba. Tusimcheke, alikuwa na yake moyoni. Miaka mitatu nyuma alichumbiwa na bwana mmoja mtanashati, kadi za harusi zikachapwa, ndipo ikajulikana bwana ana mke na mtoto mtaa wa pili. Tangu siku hiyo Sista aliamini kinachopimika tu: joto, mapigo ya moyo, presha. Alikuwa hajawahi kukutana na mtu anayejitajia kasoro zake kabla ya kuulizwa.

Simu zikaanza.

"Ishirini na tano."

"Salamu kwanza, Sista."

"Ishirini na tano, habari za jioni."

"Nzuri. Umekula?"

"Hilo halimo kwenye kipimo."

"Basi nitakuja na kipimo chake."

Wiki ya sita, amechoka, viatu mkononi, alipiga akasema, "Ishirini na tano, mpenzi." Neno lilimponyoka tu.

"Hebu rudia," Fundi akasema.

"Ishirini na tano."

"Siyo hiyo."

Kufikia mwezi wa nne walikuwa wamekubaliana kuoana. Jumapili Fundi angevaa shati la kupiga pasi, aje nyumbani kuzungumza na Mzee. Huyo Mzee, baba yake Sista, alikuwa dereva wa lori mstaafu aliyepasuliwa goti la kulia, na binti yake alikuwa amempiga marufuku kupanda kitu chochote kirefu kuliko kitanda.

Alhamisi kabla ya Jumapili hiyo Sista aliiosha baiskeli uani. Alipofika tairi la nyuma akaona kimkia pembeni kabisa, pale meno yanapoishia na ubavu kuanza. Akahesabu. Akahesabu tena. Vitatu.

Moyo ulimpasuka paa! Na mkono wake ukafanya ulichozoea, maana kwa miaka tisa ulikuwa unang'oa nyuzi kwenye mishono ya watu. Aliingia ndani, akarudi na koleo yake ndogo ya wodini, akakishika kile kimkia, akavuta. Tairi likapiga chafya, likammwagia maji meupe ya kuzibia usoni hadi kifuani, likalala chini. Sista alipiga simu kabla hajajifuta.

"Ulisema viwili."

"Vilikuwa viwili," Fundi alisema.

"Na hiki cha tatu kimeota?"

"Hakikuota."

"Nani kakiweka?"

"Mimi."

"Lini? Kabla hujaniuzia, ukakipaka matope nisikione?"

"Hapana. Lakini lini, mpenzi, siwezi kukwambia."

"Huwezi au hutaki?"

"Siwezi. Niulize kingine chochote."

"Sina kingine. Aliyeficha kimoja ameficha kumi, ninyi nawajua. Jumapili usije."

Akakata simu, akakaa kwenye ngazi ya uani akalia kwa sauti, povu la sabuni likimkaukia mikononi. Alimpenda yule mtu. Hilo ndilo lililomuuma, kwamba alikuwa ameshampenda.

Wiki tatu zikapita. Sista alipanda kilima kwa miguu, simu za Fundi hakupokea. Nyumbani, Mzee naye alianza kudhoofika. Chai anaibakisha, redio haiwashi.

"Yule kijana haji tena?" aliuliza asubuhi moja.

"Haji."

"Kisa?"

"Mwongo, Baba. Kama yule wa kwanza. Leo naifuta namba yake, yaishe."

Mzee akapaliwa na chai. Akakohoa hadi machozi, akaweka kikombe. "Kaa chini, Sista."

"Nachelewa kazini."

"Nimesema kaa." Akajikuna goti. "Ile baiskeli nimeipanda."

"Umeipanda lini?"

"Mara moja."

Sista akamkazia macho.

"Mara nne," Mzee akasema. "Ukitoka zamu ya usiku unalala mchana kutwa. Nikasema nizunguke mtaa mmoja tu. Mara ya nne nikakanyaga msumari. Nikaikokota hadi sokoni kwa fundi yeyote, kumbe fundi mwenyewe ni yeye, akaitambua baiskeli kabla hajajua mimi ni nani. Akaziba, akapima, ishirini na tano kamili. Nikamwapisha asikwambie."

"Akaapa?"

"Alikataa. Nikamkumbusha nani atakayekaa kwenye kiti Jumapili anapokuja kuomba mke. Hapo akaapa. Lakini alisema, Mzee, nakupa hadi Jumapili umwambie mwenyewe." Akainamisha kichwa. "Wewe ukaifuta Jumapili."

"Wiki tatu unaniona nalia!"

"Niliogopa, mwanangu. Nilijua ukijua utanifungia ndani. Nimeendesha lori miaka thelathini, nikaona nchi nzima. Sasa dunia yangu ni kutoka kitandani hadi mezani. Juu ya ile baiskeli nilikuwa mtu tena." Akafuta macho kwa kiganja. "Ila sikupaswa kuulipia uhuru wangu kwa furaha yako. Nisamehe."

Sista akapiga simu wodini kuomba ruhusa, akavaa lile gauni la kijani, akaikokota baiskeli hadi sokoni, tairi likiburuzika nyuma yake.

Fundi alikuwa amekonda. Alipomwona hakutabasamu. Aliinama, akatia kidole kwenye tundu.

"Nani kakitoa?"

"Mimi. Kwa koleo."

"Kwa nini?"

"Nyuzi zikichungulia nje mimi huzitoa."

Mdomo wa Fundi ukacheza kidogo, akauzuia.

"Mzee amesema yote," Sista akasema. "Nilikuhukumu bila kukusikiliza. Nilikuvisha kosa la mtu mwingine. Nimekosa, na nimekuja mwenyewe kusema."

"Nilikuwa nimempa neno langu."

"Najua. Na hapo na wewe umekosa. Goti lile likivunjika, Fundi, hakuna wa kuliziba! Ungeanza kwangu."

Fundi akaivuta penseli nyuma ya sikio, akaichezea. "Kweli. Niliogopa kumkosa mkwe, nikamkosa mke. Na kosa langu ni mawili, maana hiki kizibo hakikuwa cha kukaa. Kilikuwa karibu mno na ubavu. Nilimwambia Mzee nibadilishe tairi zima, akasema ukiona jipya utauliza. Nami nikalegea. Nikakuacha uteremke kile kilima juu yake. Siku hizo sikulala vizuri, Sista."

"Ningeanguka."

"Ungeanguka."

Walitazamana. Halafu Fundi aliivuta baiskeli yake mwenyewe kutoka nyuma ya meza, akaling'oa tairi lake, akalivisha kwenye ya Sista, akajaza upepo, akapaka maji ya sabuni kizibo kimoja kilichokuwa katikati ya meno. Wote wawili wakachuchumaa kutazama kama povu litatoka. Halikutoka. Begani Sista alisikia joto la bega la mwenzake, akaliacha hapo.

"Lina kimoja tu," Fundi alisema. "Hesabu."

"Nimekusikia," Sista alisema, akapanda, akaenda zake.

Jioni saa kumi na mbili simu ikaita. Safari hii aliyepiga alikuwa Fundi.

"Inasoma ngapi?"

"Sijapima."

"Unaumwa?"

"Mzima kabisa. Leo sijapima, na kesho sipimi. Kipimo nimempa Mzee. Daktari akimruhusu atakuja hapo kuchagua baiskeli yake, na vizibo atahesabu mwenyewe."

Sauti ya Fundi ikabadilika. "Basi Jumapili nije?"

"Njoo," Sista akasema. "Na uje na shati lile la kupiga pasi, mpenzi."

Nyuma ya mlango, Mzee alikohoa kidogo, akakokota fimbo yake kwenda kuwasha redio.