Mwenye Saa wa Nanga

"Shemeji, huyo mumeo Nanga anaumwa au ndiyo raha za nyumbani?"

Aliyeuliza alikuwa fundi matairi. Alisimama kwenye mlango wa duka la miwani, hataki kuingia kwa sababu ya viatu vyake. Mama Miwani alikuwa nyuma ya kaunta akisaga ukingo wa lenzi, na wala hakuinua uso.

"Mimi nitajuaje? Kamuulize mwenyewe."

"Nikamuulize wapi? Si yuko nyumbani?"

"Nyumbani kwake labda. Mimi niko kwa dada yangu, wiki ya tatu hii."

Fundi akacheka, akidhani ni utani wa mashemeji. Alipoona anacheka peke yake, akaingia ndani na viatu vyake vilevile.

"Shemeji, sikiliza. Juzi alfajiri nilimkagulia matairi, akaingia jangwani na mpima ardhi mmoja. Pikapu ya huyo mpima ilikwama huko kwenye uwanda wa chumvi, walikwenda kuivuta. Jana sikumwona, nikasema kachoka, kalala. Leo nimepita gereji kwake, gari la kuvutia halipo. Bado sikuwa na wasiwasi. Nikajiambia, kama kungekuwa na tatizo, mwenye saa angeshapiga kelele."

"Na mwenye saa wake ni nani siku hizi?"

"Shemeji! Si wewe?"

Lenzi ikamponyoka, ikagonga sakafu. Mama Miwani hakuiokota.

Watu wanaovuta magari jangwani wana desturi yao. Kabla hujaingia kusiko na mtandao, unamwachia mtu mmoja njia utakayopita na saa utakayotoka. Saa ile ikipita hajasikia sauti yako, anaanza kukutafuta, haulizi mara mbili. Na huwa ni mtu mmoja tu. Ukiwapa wawili, kila mmoja hukaa akidhani mwenzake ameshapiga simu, na wewe unakauka huko kama samaki juani. Kwa miaka tisa mwenye saa wa Nanga alikuwa mkewe. Kwa miaka tisa mama huyu hajawahi kuchelewa hata dakika.

Sasa wiki tatu zilikuwa zimepita tangu amfungie namba.

Tusimlaumu kabla ya kumsikia. Mama yake mzazi alifariki wakati Nanga yuko jangwani akivuta lori la watu asiowajua. Mama Miwani alimpigia mara thelathini na moja, hapatikani. Mama akazikwa. Nanga akarudi siku ya pili yake, vumbi mpaka kwenye kope, akakuta matanga yamejaa watu, akaenda moja kwa moja kupanga viti. Kupanga viti! Hakusema neno. Mama Miwani akangoja wiki moja, akangoja mwezi, akafungasha nguo zake. Siku aliyofunga namba alimwambia dada yake, "Acha na yeye aonje kupiga simu isiyopokelewa." Hasira hasara, lakini nani huikumbuka methali akiwa na hasira?

"Nimemfungia namba," alisema sasa. "Hata kama aliandika, haikunifikia."

Fundi matairi akakaa kwenye kiti cha wateja bila kukaribishwa.

Mama Miwani akaifungua namba palepale. Akangoja. Hakuna kilichoingia. Akapiga. Hapatikani. Akapiga tena, kana kwamba jangwa lingemwonea huruma.

"Hebu nipe," alisema msichana wa mapokezi wa duka, aliyekuwa akiwasikiliza muda wote, akamnyang'anya simu. "Ujumbe wa mtu uliyemfungia hautupwi, simu inauficha. Unakaa kwenye faili lake. Hili hapa. Haya, shika. Meseji ziko ishirini na mbili."

Akasoma ya mwisho kwanza. Ilikuwa ya juzi, saa kumi na mbili asubuhi.

"Naingia na mpima ardhi. Njia ya mawe meupe mpaka kisima kilichokauka, halafu kushoto, uwanda wa chumvi, kama kilomita arobaini. Maji jerikeni moja. Saa yangu ni kumi jioni."

Saa kumi jioni ya juzi. Saa hiyo yeye alikuwa kwa dada yake, anapaka kucha rangi.

Akampigia Mzee Winchi, aliyemfundisha Nanga kazi.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba mwanangu. Sema."

"Nanga hajarudi. Saa yake ilikuwa kumi jioni. Juzi."

"Juzi," alisema mzee. "Na leo ndiyo unapiga."

"Ndiyo, mzee."

"Maji?"

"Jerikeni moja. Watu wawili."

"Nitakupigia tukiwapata."

"Nakuja na wewe."

"Utanisaidia nini huko?"

"Hakuna."

Mzee akavuta pumzi. "Basi njoo. Angalau hudanganyi. Vaa kofia."

Lami iliisha baada ya saa moja. Mzee Winchi akasimamisha gari, akashuka, akaanza kupunguza upepo kwenye matairi, moja baada ya jingine, huku anapiga mluzi.

"Mzee, tunachelewa!"

"Tairi gumu huchimba mchanga, tairi laini huukanyaga. Kaa ndani."

"Mzee, tafadhali!"

"Mwanangu, haraka ndiyo iliyomzamisha yule wa kwanza, na pengine na huyu wa pili. Ukitaka tuwe wa tatu, niambie."

Upepo ukaendelea kutoka, fyuuu, taratibu kama vile kuna siku nzima ya kupoteza. Mama Miwani alitamani kulia, alitamani kushuka akimbie kwa miguu. Hakuna alichoweza kufanya, isipokuwa kushika simu na kuzisoma zile ishirini na moja zilizobaki.

"Kitasa cha jikoni kimeharibika. Naingilia dirishani kama mwizi. Jirani ameniona, amecheka."

"Umesahau dawa yako ya mzio. Nimemwachia dada mlangoni."

Kumbe ni yeye aliyeileta! Dada mtu alisema ameinunua mwenyewe.

"Leo nimepita kwa mama. Nimeng'oa majani. Nimekaa mpaka jua likawa kali."

"Nimepita tena kwa mama."

"Nimepiga, imekata kabla haijalia. Sawa."

Hii ya kupiga simu ilikuwa ya wiki mbili nyuma. Akaisoma mara tatu, halafu akaiweka simu mapajani. Mtandao ulikuwa umeshakatika.

"Mzee, mtu anaweza kukaa siku ngapi na maji yale?"

"Inategemea."

"Inategemea nini?"

"Usiniulize, mwanangu. Angalia upande wako, ukiona kitu cheusi sema."

Kisima kilichokauka kikapita. Wakakunja kushoto. Mawe yakaisha, mchanga ukaisha, ikabaki nchi nyeupe tupu inayoumiza macho. Saa saba ikafika. Mara mbili alipiga kelele ameona kitu, mara mbili ikawa ni mwamba. Mara ya tatu hakupiga kelele. Alinyoosha kidole tu.

Magari mawili. Pikapu imezama mpaka milangoni. Nyuma yake gari la Nanga limeinamisha pua, magurudumu ya mbele yamevunja ganda la chumvi na kumezwa na tope lililokuwa chini yake. Waya wa winchi umekatika. Tairi la akiba walilolizika ardhini ili lishike waya limeng'oka, limelala pembeni.

"Mganga hajigangi," alisema Mzee Winchi, akafunga breki mbali kabisa. "Hapa ndipo mwisho wa ganda gumu. Tunatembea. Pita nilipopita mimi."

Zilikuwa hatua kama mia tatu. Hakuna mtu aliyetoka kuwapungia.

"Nanga!" aliita.

Hakuna.

"Baba wee! Nanga!"

Mzee hakumwambia anyamaze. Na yeye alikuwa anaomba, midomo ikicheza.

Walipokaribia, turubai lililofungwa ubavuni mwa gari likatikisika, ukatoka mkono. Ulikuwa mkono wa mpima ardhi. Midomo yake ilipasuka na ulimi ulikuwa mzito, lakini alikuwa hai, na alikuwa analia bila machozi.

"Wewe ndiye mkewe? Wewe ndiye mwenye saa?"

"Ndiyo. Yuko wapi?"

"Jana nilitaka kuondoka kwa miguu. Akanishika mguu, tukapigana. Akaniambia, kaa kivulini, mke wangu anajua tulipo, hajawahi kuchelewa hata dakika. Nikamwambia, mbona sasa amechelewa? Akasema ni gari lao limeharibika njiani, wanatengeneza. Nimekaa kwa ajili yako, mama. Mungu akubariki."

Mama Miwani akatambaa chini ya turubai.

Nanga alikuwa amelala chali, macho yamefumba, shati limefungwa kichwani. Ndani ya jerikeni kulikuwa na maji ya kufunika kitako tu. Alimshika shavu. Lilikuwa la moto na kavu kabisa.

"Baba. Nimekuja. Fungua macho. Nimekuja."

Mzee Winchi akamsukuma pembeni, akamlowesha shingo na kwapa, akamdondoshea maji midomoni kwa kifuniko cha chupa. Kifuniko kimoja. Kingine. Mama Miwani alibaki amepiga magoti, mikono mitupu. Alisoma saa ya simu yake: dakika nne, dakika saba. Katika maisha yake hajawahi kuona dakika ndefu vile, hata wodini kwa mama yake.

Dakika ya kumi na moja Nanga akafungua macho. Hakumwona mkewe. Alimwona mzee.

"Mzee... winchi imeungua. Ukifunga waya kwenye ekseli ya nyuma..."

"Nyamaza. Magari hayanywi maji, yatasubiri. Tutayarudia na mbao."

Iliwachukua muda mrefu kuwafikisha wote wawili garini. Mpima akakaa mbele, akasinzia. Nanga alilazwa kiti cha nyuma, kichwa kwenye mapaja ya mkewe. Kila baada ya muda Mama Miwani alimpa maji, kidogo kidogo kama alivyoelekezwa. Gari lilipofika kwenye mawe, ndipo alipopata ujasiri.

"Nina jambo la kukwambia."

"Mm."

"Mimi sikuchelewa kwa sababu ya gari. Nilikufungia namba. Leo saa tatu ndiyo nimejua. Asingekuja fundi matairi dukani, ungekufa, na mimi nisingejua hata nimekuua."

"Najua."

"Unajua nini?"

"Kwamba umenifungia. Nikipiga inakata kabla ya kulia. Wiki tatu. Mimi si mtoto."

Mama Miwani akamtazama, hakuelewa. Kisha akaelewa, na damu ikampanda kichwani.

"Ulijua? Ulijua hakuna anayekuja, ukaingia jangwani na mtu wa watu?"

"Nilijua."

"Na ukamwambia nakuja?"

"Ningemwambia ukweli angeondoka kwa miguu. Angekufa kabla ya kisima."

"Kwa nini hukumpa mzee saa yako? Au fundi? Mtu yeyote!"

Nanga akafumba macho.

"Nilikuwa nimeshaandika namba ya mzee," alisema. "Nikafuta. Kumpa mtu mwingine ingekuwa nimekubali kwamba umeondoka."

"Mjinga wewe!" Akampiga begani, halafu akaogopa, akapashika pale pale alipopiga. "Mjinga mkubwa! Na huyu baba wa watu, ana kosa gani na ndoa yetu? Ungemuua!"

"Ndiyo. Hilo nitamwambia mwenyewe akiamka. Sina la kujitetea."

Mbele, Mzee Winchi alikohoa, akafungua redio. Huko hakuna stesheni hata moja, ilikuwa inakoroma tu, lakini aliongeza sauti.

"Nimesoma zote," alisema mkewe. "Ishirini na mbili. Umeandika habari za kitasa. Umeandika habari za majani. Lile neno lenyewe hukuliandika hata mara moja."

"Nimelisema kaburini. Kila nikienda nalisema."

"Aliyefiwa ni mimi. Mama hakufiwa."

Nanga alijaribu kuinuka. Hakuweza, kichwa kikarudi mapajani. Akageuza uso wake wenye chumvi, akamtazama, na safari hii hakutafuta kiti cha kupanga wala waya wa kufunga. Hakuwa na nguvu za kukimbilia popote.

"Siku ile nilipofika nyumbani na kukuona, niliogopa," alisema. "Miaka yote hii mtu akikwama mimi namtoa. Wewe ulikwama, na sikujua nishike wapi. Nikashika viti."

Mkewe akamfuta chumvi kwenye kope.

"Pole kwa mama, mke wangu. Nilipaswa kuwa pale."

Miezi miwili alikuwa ameyangoja maneno hayo, na alikuwa amejiapiza kwamba siku yakija atamjibu vizuri. Sasa yamekuja, na majibu yote yamemkimbia. Akainama, akaweka paji la uso wake juu ya la mumewe, akalia kwa sauti, kama ambavyo hakulia msibani.

"Sema tena," alisema.

"Pole kwa mama."

"Tena."

Akasema tena. Alirudia mpaka sauti ikamwisha, na mkewe akamwekea kifuniko cha maji mdomoni ili aendelee.