Dakika Nne Baada ya Wimbo

Boksi lilikuwa mahali pake rafuni, kifuniko kimefungwa barabara. Ndani hamkuwa na kitu.

"Aliyeiba hakutaka ugundue mapema," alisema Inspekta.

Fundi mitambo aliketi mbele ya mashine zake, mikono kichwani. Studio yake ilikuwa chumba kimoja chenye magodoro ukutani. Mezani kulikuwa na orodha ya nyimbo kumi na mbili za albamu ya mkusanyiko, kazi ya miaka ishirini na mitano ya bendi moja ya muziki wa metali. Metali yenyewe ni ile nzito, ya polepole, inayotambaa hadi jirani akaja siku moja kutoa pole akidhani pana msiba.

"Umeibiwa nini hasa?"

"Mkanda wa wimbo wa mwisho wa mwimbaji wao, afande. Alirekodi jioni, akafariki alfajiri yake. Moyo. Ni miaka kumi na tisa sasa, na nakala nyingine haipo."

"Wewe hukunakili?"

"Ilikuwa kazi ya leo. Mkanda mkongwe ule, kila ukizungushwa unapukutika. Jana nimeusikiliza mara moja tu."

Inspekta alikagua mlango. Kitasa kilikuwa kizima, dirisha lina nondo. Kwenye rafu palikuwa na maikrofoni za bei mbaya, hazikuguswa.

"Nani ana ufunguo?"

"Mimi, mpiga gitaa na mpiga ngoma. Mpiga gitaa amelazwa hospitali wiki nzima, mguu umevunjika."

"Na nani alijua mkanda uko hapa?"

Fundi alisita. "Niliwatumia ujumbe jana mchana. Hao wawili, na mjane wa marehemu. Baada ya wimbo kwisha mashine haikuzimwa. Kuna dakika nne za watu wanaongea, kwa mbali sana. Nikawaambia leo nitaipandisha sauti tusikie."

Inspekta alifunga daftari lake taratibu. Mtu hahangaiki kuiba wimbo ambao wiki ijayo utauzwa madukani. Lakini dakika nne za maongezi, hizo ni habari nyingine.

Mtaalamu wa alama za vidole alipuliza unga kwenye boksi. Zilitokea alama za watu wawili. Za kwanza zilikuwa za fundi.

Mjane alikuwa mshonaji. Alimkaribisha Inspekta kwenye kiti pekee kisicho na vitambaa.

"Nilikuwa nausubiri ule mkanda, afande," alisema mjane. "Mume wangu alirudi jioni ile, akanywa chai, akalala. Sikuona chochote. Mke gani haoni? Nilitaka nisikie tu alikuwa anaongea nini, maana mimi hata kumuuliza habari za kazi sikumuuliza."

"Nani alikuwa naye studio?"

"Kaka yangu peke yake, mpiga ngoma. Wanamwita Nyundo. Aliniambia shemeji yake aliondoka mzima, anacheka. Ndiye aliyenishika siku ya kuzika. Ada za watoto, paa la nyumba hii, vyote ni yeye."

Nyundo alikuwa mchomeleaji wa milango, pande la mtu. Aliitwa kituoni mchana ule, vidole vyake vikachukuliwa alama, kisha akaketishwa mbele ya Inspekta.

"Mara ya mwisho kufika studio ni lini?"

"Wiki mbili zilizopita, afande."

"Una hakika?"

"Hakika kabisa. Kazi zimenibana."

"Na hili boksi umewahi kulishika?"

"Ule mkanda ni wetu. Nimeshika maboksi yake tangu ujana."

"Hili ni jipya. Fundi amelinunua Jumatatu, la zamani lilikuwa limeoza." Inspekta alisogeza picha mbili mezani. "Kidole gumba hiki ni chako. Kimefikaje kwenye boksi hili?"

Nyundo aliitazama picha. Mabega yake makubwa yalishuka.

"Una haki ya kunyamaza," Inspekta alimwambia. "Utakachosema kitaandikwa."

"Nimenyamaza vya kutosha." Alijifuta uso. "Mkanda uko karakana kwangu, ndani ya ngoma ya mguu, ile kubwa ya kukanyaga, chini ya mto wa kupunguza mlio. Nilitaka kuuchoma. Nimewasha kiberiti mara tatu. Ile ni sauti yake, afande. Nikashindwa."

"Ndani yake mna nini?"

"Alisema kifua kinambana. Akaniomba nimpeleke hospitali, mimi ndiye niliyekuwa na gari. Nikamwambia aache maigizo, turudie kwanza, ngoma zangu zilikuwa zimepotea kidogo." Akaitazama mikono yake. "Kidogo tu. Tukarudia, mkanda ukiwa umekwisha wala hatukujua. Halafu nikamshusha nyumbani, nikaenda zangu."

Koplo aliyetumwa karakana aliukuta mkanda chini ya mto, mzima.

Kesho yake asubuhi fundi aliuzungusha kwa ajili ya kuunakili kama kielelezo. Mjane aliomba awepo. Nyundo aliletwa na koplo, akasimama mlangoni.

Mlio wa mwisho wa wimbo ulififia. Kikafuata kimya, kiti kikasogezwa, kisha sauti ya mwanamume anayehema.

"Shemeji, nipeleke hospitali. Hapa kifuani panabana."

"Acha maigizo wewe. Tunarudia."

"Haya. Lakini dada yako usimwambie, atakosa usingizi. Na mimi nitajikaza, asione kitu."

Mkanda ulikwisha, ncha yake ikawa inapigapiga kwenye mashine. Fundi aliizima.

Inspekta alimwona mjane akishusha pumzi moja ndefu, kama aliyetuliwa mzigo kichwani, kisha uso ukakazana upya.

"Kumbe alinificha makusudi," alisema polepole. "Nisingeweza kuona."

"Umesikia mwenyewe, dada," Nyundo alisema, machozi yakimtoka. "Aliniomba nisikwambie."

Mjane alisimama, akamsogelea kaka yake hadi wakawa uso kwa uso.

"Alikuomba unifiche usiku mmoja, kaka. Hakukuomba miaka kumi na tisa."