Hodi ya Tatu

Ukungu ndio uliomfanya Fundi Miwani aitamani ile droni. Angekuwa mtu wa kuogopa, ungemkimbiza. Lakini yeye alikuwa mtu wa kushuku, na mtu wa kushuku hakimbii. Hukaa papo hapo atafute anaibiwa wapi.

Alikuwa sebuleni kwa mpiga video wa harusi, mzee aliyeachishwa kazi na mgongo, ambaye sasa alikuwa akiuza vifaa vyake kimoja kimoja. Juu ya meza kulikuwa na droni mbili. Ya kwanza ilikuwa kubwa, kamera yake safi, ila Fundi Miwani alipoilaza betri yake juu ya kioo cha meza ikabembea: ilikuwa imevimba tumbo. Ya pili ilikuwa nyepesi, lakini mkono wake mmoja ulivunjika ukaungwa kwa gundi, na gundi ikapakwa rangi isionekane. Aliiona. Miaka ya kusaga vioo vya miwani na kupima macho ya watu ilikuwa imemfundisha kwamba kila mtu ana anachoficha, naye alikuwa amelishika somo hilo kupita kiasi.

"Na ile?" aliuliza, akinyoosha kidole kwenye kabati la vyombo. Nyuma ya sahani, chini ya kitambaa, kulikuwa na droni ya tatu, imekunjwa, haizidi kasha la miwani.

"Ile siuzi."

"Lakini ndogo kama hiyo ndiyo ninayotafuta. Ya kurusha jioni nikifunga duka, kujifurahisha tu."

"Nimesema siuzi, bwana."

Hapo ndipo roho yake ilipoigandia. Anamwekea shemeji yake huyu, alijiambia. Kizuri kinafichwa, vibovu tunapewa sisi. Akaifuata mwenyewe kabatini. Mapanga yake manne ya kurukia hayakuwa na mkwaruzo hata mmoja, mikono ilikunjuka bila kulegea. Akatoa kioo chake cha kukuzia, akaichungulia lensi. Kwa ndani kulikuwa na ukungu. Ukaondoka. Ukarudi. Ukaondoka tena, taratibu, kama kwenye kioo mtu anapokipumulia.

"Unyevu umeingia," alisema kwa furaha, maana kasoro aliyoivumbua mwenyewe ilimtuliza kuliko kiapo. "Na inanuka udongo. Uliifukia wapi hii?"

Mzee hakucheka. Alikuwa amerudi nyuma mpaka mgongo wake ukagusa ukuta. "Ilinipotea siku ya harusi," alisema kwa sauti ya chini. "Masika yalipoisha nikaikuta juu ya paa la nyumba iliyohamwa. Tangu siku hiyo sijawahi kuichaji, na haizimiki. Chukua ile kubwa, ndugu yangu. Nitakupunguzia."

Bila shaka! Mtu anakupunguzia kile anachotaka kukiondoa. Fundi Miwani akashikilia, akabembeleza, akanuna, akashikilia tena, mpaka mzee akaishiwa nguvu.

"Basi mimi sijakuuzia, wewe umechukua," alisema. "Ila nisikilize. Ikirudi, huwa inalia mara tatu mlangoni. Iache ilie. Usiijibu."

Fundi Miwani alicheka njia nzima.

Mkewe alikuwa mwalimu wa chekechea, mwanamke wa mzaha, aliyezoea kuishi na mume anayehesabu vijiko wageni wakiondoka. Jioni ile alitoka na kanga begani kumwangalia akiirusha kutoka kiwanja cha mpira nyuma ya nyumba. Droni ikapanda, na kwenye simu Fundi Miwani akaona mapaa, nguo zilizoanikwa, na kichwa chake mwenyewe, kidogo, kikiwa na upara ambao hakuna aliyekuwa amemwambia kwamba anao. Alifurahi kama mtoto. Kisha akabonyeza kitufe cha kurudi.

Haikurudi miguuni pake, mahali ilipoanzia. Ilivuka ukuta, ikashuka mpaka mlango wa jikoni, ikasimama hewani usawa wa kifua cha mtu. Wakaifuata. Ikalia. Ikanyamaza kidogo. Ikalia tena.

"He! Mashine yako ina adabu kukuzidi," alisema mkewe. "Inapiga hodi."

Ikalia mara ya tatu. Mzaha ukamtoka usoni.

"Usiijibu," alinong'ona. "Bibi yangu alikuwa akituambia, hodi usiyemwona mwenyewe usiiitikie. Hodi tatu zisipojibiwa, mstaarabu huenda zake."

"Hata wewe? Mnakula njama na yule mzee?" Akajiweka sawa mlangoni, akainamisha kichwa kama mwenyeji wa harusi. "Mgeni njoo, mwenyeji apone! Karibu, bwana, jisikie uko kwako."

Kwenye simu maandishi yakatokea: *Hapa ndipo nyumbani?* Akabonyeza *Ndiyo*. Droni ikapita katikati yao bila kuelekezwa na mtu, ikavuka kizingiti, ikatua mezani, mbele ya kiti anachokalia yeye akila.

"Mimi sijamkaribisha," alisema mkewe, na akabaki nje muda mrefu.

Harufu ilitangulia. Ilikuwa harufu ya udongo uliochimbwa asubuhi, na ilikaa kwenye mapazia, kwenye mito, kwenye sukari. Halafu ukaja mvumo, mwembamba, juu ya dari, huku droni ikiwa imekunjwa kabatini na betri yake imechomolewa. Mkewe akasema iondoke. "Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe," alimwambia. Yeye akajibu kwamba ni nyuki, na moyoni akajiuliza kwa nini mwanamke huyu anaogopa kamera kiasi hiki. Ana nini cha kuonekana?

Wazo hilo likishaingia halitoki. Jumapili moja alasiri, jua likiwa bado kali, aliirusha kutoka kiwanjani, na wakati wa kurudi ikapunguza mwendo mbele ya dirisha la jikoni, yeye akiwa hajagusa kitu. Kwenye simu akamwona mkewe akimenya vitunguu. Mezani, kwenye kiti chake yeye, alikuwa amekaa mwanamume, kaipa kamera mgongo. Na mwanamume huyo alikuwa amevaa shati la mistari la Fundi Miwani.

Alikimbia mpaka kiatu kimoja kikabaki kiwanjani. Alipoingia, mkewe alikuwa peke yake na vitunguu vyake.

"Yuko wapi?"

"Nani?"

"Aliyekuwa amekaa hapa!"

Mkewe akamtazama, na kisu kikasimama mkononi. "Si wewe?" alisema polepole. "Umekaa hapo muda wote huo, nakusemesha hunijibu. Nimegeuka kuchukua chumvi tu, naona unaingia mlangoni, huku unahema."

Kikulacho ki nguoni mwako, wahenga walisema, na Fundi Miwani aliona sasa kwamba walimsemea yeye. Mpaka shati langu anavaa! Mpaka uongo wenyewe mke wangu hajisumbui kuutunga! Alisema maneno ambayo mtu akishayasema hayazoleki. Mkewe alimjibu mara moja tu: "Mume wangu, mimi sijui umeona nini. Lakini mimi unanijua." Fundi Miwani akaenda akatoa sanduku la mkewe, akaliweka nje ya geti mbele ya majirani, akamwambia kwamba hapa si kwake tena. Mkewe hakulia. Alilichukua sanduku, akaenda kwa kaka yake, mitaa miwili kutoka hapo.

Kesho yake aliporudi kutoka dukani nyumba ilikuwa kimya, na kimya chenyewe kilimuuma, kwa maana alimpenda yule mwanamke na hakuwa na mwingine wa kumcheka kuhusu vijiko. Akaenda kiwanjani kwa mazoea, akaunganisha simu, lakini kabla hajaitoa droni mfukoni picha ikaja yenyewe: jiko lake, mwanga wa jioni, meza, na yule mwanamume bado amekaa, hakuna mwanamke wa kutembelewa wala vitunguu vya kumenywa, amekaa tu kama mtu aliyemaliza kazi aliyoijia, na mgongo wa shati la mistari ukapanda na kushuka, ukapanda na kushuka kwa utaratibu ule ule wa ukungu aliouona kwenye lensi, mpaka kichwa kikaanza kugeuka, sikio, shavu, miwani iliyopandishwa juu ya paji la uso kama afanyavyo yeye peke yake akichoka, na uso ulipofika mbele ulikuwa uso wake, na ulikuwa ukitabasamu kwa upole ambao yeye hakuwahi kuwa nao.

Mganga aliyempata alikuwa mama mfupi, mwenye sauti ya mwalimu wa hesabu. Alifika getini, akanusa, na hakusogea hatua nyingine.

"Nani alimwambia karibu?"

"Mimi. Kwa utani."

"Ulimwambiaje hasa?"

Akamwambia. Mama yule akafumba macho. "Mgeni hupewa kiti. Wewe umempa nyumba. Sasa humo ndani mgeni ni wewe, na mgeni hamfukuzi mwenyeji. Kuna mtu wa nyumba hii ambaye hakumkaribisha?"

"Mke wangu."

"Basi ndiye. Aingie kwa miguu yake, kama anavyoingia mtu kwake, aseme neno moja: toka. Ataondoka. Ila mkeo asipige hodi! Mwenye nyumba hapigi hodi nyumbani kwake. Akipiga, amekubali kuwa mgeni, na atapokelewa na mwenyeji aliyepo." Akamtazama kwa huruma kidogo. "Yuko sokoni?"

"Yuko kwa kaka yake," alisema Fundi Miwani.

Kwa shemeji yake hakukaribishwa kukaa. Alisimama ukumbini akaeleza yote, picha, uso, mganga, na mkewe akasikiliza mpaka mwisho.

"Kwa hiyo mganga anasema nahitajika," alisema. "Na wewe unasemaje?"

Fundi Miwani akavua miwani, akaifuta. Neno lilikuwa pale, fupi tu, limemkwama kooni. Hakuwahi kulitumia na hakujua linashikwa wapi. "Twende," alisema. "Hayo tutayazungumza nyumbani."

Walitembea ile mitaa miwili. Getini alimkumbusha kwa mnong'ono: asipige hodi, apite moja kwa moja.

"Juzi ulinitoa hapa hapa," alisema mkewe, naye kwa mnong'ono. "Ukasema si kwangu. Leo nipite kama kwangu, kwa sababu umeogopa? Niambie kitu, mume wangu. Kitu kimoja tu, nami nitapita."

Aliyaona mapazia ya jirani yakitikisika. Akashusha macho, akasema, "Watu wanatuangalia."

Mkewe akavuta pumzi, akavuka ua mpaka mlangoni, akasimama kama anavyosimama mtu kwenye nyumba ya watu.

"Hodi."

"Usi—" alisema Fundi Miwani nyuma yake.

"Hodi." Na kwa sauti iliyokatika kidogo: "Hodi wenyewe."

"Karibu," ilijibu sauti ya Fundi Miwani kutoka ndani.

Mlango ukafunguka. Alisimama pale na shati la mistari, miwani imepandishwa kwenye paji la uso, na macho mekundu ya mtu aliyelia. Harufu ya udongo ikatoka nyuma yake, ikawapita.

"Mke wangu," alisema taratibu. "Nimekuwa nikikusubiri humu. Huyo aliyekuleta ni nani?"

Mwanamke akageuka. Akamtazama aliyeko uani, akamtazama aliyeko mlangoni, na Fundi Miwani akaona kwenye macho ya mkewe kitu alichokijua vizuri sana, maana alikuwa akikibeba yeye maisha yake yote na hakuwahi kuelekezewa yeye. Alikuwa anashukiwa.

"Njoo, usikae karibu naye," ilisema sauti ya mlangoni. "Na nisamehe. Nilikukosea mbele ya watu. Nisamehe, mke wangu."

Mkewe akarudisha macho uani. "Na wewe," alinong'ona. "Sema."

Ingetosha kulisema neno lile. Lakini hasira ilikuwa imezoea kumtoka kwanza, nayo ikatoka kwanza. "Mimi nimekufuata kwa miguu yangu mpaka kwa kaka yako, na bado unanishuku mimi? Unanishuku mimi!"

Machozi yakamshuka mwanamke. Akavuka kizingiti. Yule wa ndani akampisha kwa adabu, akafunga mlango, na komeo likasikika.

"Nisamehe," alisema Fundi Miwani. Alilisema kwa mbao za mlango, mara nyingi, kila mara kwa urahisi zaidi. Mle ndani sufuria ikagongana na jiko, kiti kikavutwa, kikombe kikawekwa mezani, kisha kingine. Ufunguo wake haukuingia kwenye kitasa. Mwisho akajiweka sawa pale mlangoni, akakunja mikono mbele, akaita.

"Hodi."

Kimya.

"Hodi."

Nyuma ya mlango, karibu kabisa, mtu alikuwa akipumua kwa hofu. Aliijua pumzi ile. Akauweka mdomo wake kwenye ufa.

"Hodi, mke wangu."

"Usimjibu," alimsikia mkewe akimnong'oneza mwenzake mle ndani. "Hiyo ndiyo ya tatu. Ataondoka."