Mkunjo Uliokosekana

Kila siku akitoka shule, Kidoti alipitia karakana ya shangazi yake. Alibadili sare nyuma ya pazia, akavaa aproni iliyokakamaa kwa gundi, akanawa mikono na kuikausha vizuri, maana karatasi haipendi mkono wenye maji. Kisha alikaa mbele ya meza ndefu na kuanza kazi.

Shangazi alikuwa fundi wa kutengeneza vitabu vilivyochakaa. Maktaba ya mji ilimletea vitabu vilivyoachia nyuzi. Kitabu kikifumuliwa hubaki mikunjo, yaani mafungu ya karatasi zilizokunjwa pamoja, kurasa kumi na sita kila fungu. Kidoti aliipanga mikunjo kwa kufuata namba za kurasa. Bibi Uzi aliikagua na kuishona. Shangazi alipaka gundi, akabana kitabu kwenye kibano cha chuma, akakivisha jalada jipya.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba. Umekuja na macho yako leo, au umeyaacha shuleni?"

"Nimekuja nayo."

"Basi nitungie uzi. Hii sindano imeziba tundu makusudi ili inikomoe."

Bibi Uzi hakuwa ndugu yao wa damu, lakini alishona humo tangu shangazi akiwa msichana mdogo.

Karibu na dirisha palikuwa na stuli ya kaka yake Kidoti. Mwaka uliopita kaka alilazwa hospitali kwa homa ya mapafu, na hakurudi. Kidoti hakuruhusiwa kuingia wodini kwa sababu ya utoto wake. Baada ya mazishi hakuna aliyemtaja tena. Mama akisikia jina lake alitoka chumbani. Shangazi alianza habari nyingine. Stuli ilibaki palepale, na watu wazima waliipita kwa mbali kana kwamba ina rangi mbichi.

Kaka ndiye aliyemsomea Kidoti *Nyumba za Ng'ambo*. Vilikuwa vitabu vitano kuhusu msichana na kaka yake waliogundua kwamba kando ya dunia yetu kuna nyingine nyingi, zimepangana kama vyumba vya nyumba moja, na kwamba kuna mahali ambapo ukuta ni mwembamba kiasi cha mtu kupita. Kila walipopita walikuta mji uleule na mtaa uleule, ila kitu kimoja kimebadilika. Katika dunia moja mvua ilipanda kutoka ardhini. Katika nyingine watu hawakuwa na vivuli, na mwenye kivuli alikamatwa kama mwizi. Sauti ambayo kaka yake Kidoti, akisoma, alimpa askari wa vivuli ilimchekesha Bibi Uzi mpaka akajichoma sindano. Kaka alimaliza kitabu cha tatu. Cha nne hakuwahi kukiona.

Tangu hapo Kidoti alianza kuusikiliza ukuta. Chumba cha jirani kilikuwa kitupu, kwani fundi wa redio aliyekuwa humo alikwisha kuhama. Hata hivyo, Bibi Uzi akisinzia, Kidoti alisikia karatasi ikigeuzwa upande wa pili, taratibu, kama mtu anayesoma. Siku moja aligonga kwa kidole. Hakujibiwa. Ila sauti ile ilikoma, na akahisi kwamba mtu ameacha kusoma ili amsikilize.

Hakumwambia yeyote.

Ndipo kitabu cha nne kilipokuja katika sanduku la maktaba, mgongo umeachia. "Hawa ni wagonjwa," shangazi alizoea kusema. "Tunawatibu, tunawarudisha. Hatuwasomi tukiwa kazini." Lakini Kidoti alikisoma kidogokidogo huku akikipanga, mpaka akafika mkunjo wa nane. Humo kaka aliushika ukuta kwa mikono miwili usijifunge, dada yake apate kupita. Dada akapita. Ukuta ukajifunga. Kaka alibaki katika dunia ya baridi isiyo na moto wala jua, na mkunjo haujaisha akafa.

Mkunjo wa tisa ulianza na msichana yuko nyumbani, anakula chakula cha jioni. Kaka hakutajwa. Bila ule wa nane, msomaji angedhani yuko chumba cha pili tu.

Bibi Uzi alikuwa amekwisha kuikagua mikunjo yote, akatoka nje kunyoosha magoti. Kidoti aliuchomoa mkunjo wa nane na kuutia ndani ya mkoba wake wa shule. Bibi alirudi, akashona.

Jioni hiyo karatasi zilisikika tena ng'ambo ya ukuta. Safari hii ziligeuzwa kwa haraka, mbele na nyuma, kama mtu anayetafuta ukurasa asiouona.

Kitabu kilirudishwa maktaba. Haukupita muda, mkutubi akaja nacho mkononi.

"Msomaji wangu amelalamika," alisema. "Kutoka ukurasa wa mia moja na kumi na mbili unarukia mia moja na ishirini na tisa. Mkunjo mzima haupo."

"Haiwezekani," shangazi alisema. "Bibi alikikagua."

Bibi Uzi akakipokea na kukipapasa. "Nilikikagua. Niliugusa kila mkunjo." Alikipapasa tena. "Nadhani niliugusa."

Walitafuta chini ya meza, kwenye magunia ya vipande na hata kwenye takataka. Kidoti naye alitafuta, ameinama sana ili uso wake usionekane.

Siku zilizofuata Bibi Uzi alibadilika. Alikagua mikunjo, akaikagua tena, kisha akamwita Kidoti. "Njoo mwanangu, nitazame. Umeona nimeushika huu?"

"Nimeona, Bibi."

"Haya. Labda huko ng'ambo kuna Bibi Uzi mwingine, na ndiye anayeshona vizuri. Mimi ni wa bandia." Alicheka peke yake. Kisha akasema polepole, "Mama yangu alianza hivihivi. Alisahau chumvi, akasahau njia ya nyumbani, mwisho akanisahau mimi."

Kidoti hakulala vizuri. Hakuuogopa ukuta. Alichoogopa ni ile mikono ya Bibi Uzi, iliyokuwa ikishona bila kusita na sasa inarudia kila mkunjo mara mbili.

Ijumaa Bibi Uzi alizifunga sindano zake kwenye kitambaa. "Nimeshona vya kutosha," alimwambia shangazi. "Nisije nikaharibu jina la karakana."

"Bibi, ni kosa moja tu!"

"Kosa ninalolijua halinitishi. Hili sijui limepitia wapi."

Alikwisha kujitanda khanga, yuko mlangoni. Kidoti aliinuka kutoka mezani.

"Bibi, usiondoke! Uliugusa. Mimi ndiye niliyeutoa."

Akafungua mkoba, akauweka mkunjo mezani.

"Wewe mtoto!" shangazi alifoka. "Tunapekua takataka, na wewe umeinama nasi! Ulikuwa unatafuta nini?"

"Anakufa humo," Kidoti alisema huku akilia. "Nilifikiri asipokufa humo…" Hakuweza kumaliza.

Bibi Uzi alikaa kwenye kiti cha karibu. Aliuchukua mkunjo, akazigeuza kurasa moja moja. "Kwa hiyo kichwa changu ni kizima," alisema. Machozi yalimtoka. "Wiki nzima nalala nikitaja majina ya wanangu, kujipima kama bado ninayo."

"Nisamehe, Bibi."

"Nitakusamehe, lakini si kwa kukaa kimya. Shangazi yako atakifumua kitabu. Mimi nitashona. Wewe utatusomea huu mkunjo, kwa sauti, mpaka mwisho."

Kidoti alisoma. Palipo na ukuta unaojifunga sauti yake ilikatika, akangoja, akaendelea. Hakuna aliyetoka chumbani. Jumatatu yeye na shangazi walikirudisha kitabu maktaba, na Kidoti alimweleza mkutubi mwenyewe alichofanya, bila shangazi kumsaidia hata neno moja. Waliporudi, Bibi Uzi alikuwa mahali pake, sindano mkononi.

"Sikiliza, mjukuu wangu," alisema. "Ukikificha kinachokuumiza, hakiondoki. Kinahamia kwa mtu mwingine, naye hajui kimetoka wapi. Kwangu kilihamia kichwani. Ukikosa, sema mapema, hata kama unatetemeka. Ukiumia, vilevile sema."

Shangazi alikuwa akipaka gundi. Akaiweka brashi chini. "Na sisi wakubwa tumekosa," alisema. "Tuliutoa mkunjo wetu, tukamwachia mtoto nyumba yenye kurasa zinazoruka."

Kidoti alikusanya nguvu za kuuliza jambo ambalo hakuna aliyewahi kulizungumza mbele yake.

"Shangazi, siku ile wodini, kaka alisema nini?"

Shangazi alijifuta gundi mikononi.

"Aliuliza kama kitabu cha nne kimefika maktaba. Nikamwambia kimefika, ingawa nilikuwa sijui. Akatabasamu. Akasema, 'Mwambieni Kidoti asinisubiri. Aanze tu.'"