Roboti Jekundu la Kiyoharu

Mimi simwogopi mtu, lakini kwa rafiki yangu Shigenobu, kule Osaka, sikanyagi tena.

Jioni moja alikuta mama yake wa kambo, Mitsue, ameifunga kwa kamba katuni ya marehemu kaka yake, Kiyoharu, na kuipeleka banda la karatasi chakavu. Katuni kuukuu ya maroboti ya vita yanayojigeuza malori. Moja Kiyoharu alilipaka penseli nyekundu.

"Dume zima unalilia katuni?" Mitsue akamcheka.

"Kaka kaniachia hiyo tu! Si bora ungejitupa wewe, mama!"

Akatoka anafoka. Bandani giza totoro. Alipopapasa mafurushi, ndani ya moja akasikia chuma kikijikunja: kacha, kacha, kacha. Kikanyamaza. Akalikimbiza kwenye taa, akafungua katuni kwenye ukurasa wa lile roboti jekundu. Maroboti mengine yote yapo. La kaka halipo, pamebaki peupe.

Akarudi amefura. "Mama! Umelifuta?"

Akavua viatu mlangoni, maana kwao hata mwenye hasira hakanyagi mkeka na viatu. Aliyemtangulia hakujali hayo. Alama za matairi, nyembamba kama kidole, nyekundu za penseli, zilikatiza mkeka hadi kwenye mto wa kukalia wa Mitsue, uliokuwa mtupu, bado una joto.