Msuko Chini ya Godoro

Mimi ni Loretta. Noreen ni mke wa kaka yangu, yaani wifi yangu. Nyumba zetu zinatazamana, kwa hiyo siri zake nazijua kabla hazijaiva.

Noreen humfundisha binti yake nyumbani. Binti ni Kezia, ana miaka tisa. Kila asubuhi wanaimba wimbo wa kanisani, wanasali, kisha wanafungua vitabu kwenye meza ya jikoni. Sisi ni Wakri, wenyeji wa asili wa nchi hii ya theluji. Wazee wetu walipelekwa kwa nguvu shule za bweni za serikali wakiwa wadogo, wakachapwa kwa kusema lugha yao. Noreen aliapa kwamba mwanawe atasomea mbele ya macho yake, tena kwa jina la Yesu.

Lakini tangu Januari mtoto alibadilika. Kila asubuhi tumbo linamuuma. Kila swali, jibu ni "Sijui." Hata mkate wa kukaanga anausukuma pembeni.

Jumatatu moja ya Machi, Noreen alivuka theluji bila koti akaja kwangu. Alishika kitambaa chekundu. Ndani yake kulikuwa na msuko wa nywele na tumbaku kidogo.

"Nimeukuta chini ya godoro la Kezia," alisema. "Kumbe kofia anayoshinda nayo ni ya kuficha kichwa. Nani kamkata nywele mwanangu?"

Ningenyamaza ingekuwa heri. Lakini ulimi hauna mfupa.

"Kikulacho ki nguoni mwako, wifi," nikasema. "Nani hapa husali na tumbaku mkononi?"

Tulimjua. Ni mama yangu mwenyewe, ambaye wajukuu humwita Kokum, yaani bibi. Anakaa nyumba ya nyuma. Kanisani huenda, na majani yake ya kufukiza anachoma pia.

Noreen akamfuata saa ileile, na mimi nyuma yake. Mama alikuwa anamenya viazi, amejifunga kitambaa kichwani.

"Mama, umemfanyia uchawi gani mtoto?"

"Muulize mwenyewe," Mama akajibu, akaendelea na viazi vyake.

Asiye na hatia hujibu hivyo? Mimi nilisema hapana. Noreen akamkataza Kezia kwenda kwa bibi yake. Na Kezia mwenyewe, tulimuuliza? Hatukumuuliza.

Sasa kulikuwa na jambo jingine. Alhamisi alikuwa anakuja Arlene, mwalimu anayewatembelea watoto wanaosomea nyumbani. Huja mara mbili kwa mwaka, hutazama madaftari, huandika ripoti. Ni Mkri mwenzetu, lakini mtu mwenye ripoti ni mtu mwenye ripoti.

"Akiona kichwa kile, atawaita watu wa ustawi wa watoto," Noreen alisema. "Watanichukulia mwanangu." Kijijini kwetu hofu hiyo si mchezo. Kila ukoo una mtoto aliyewahi kuchukuliwa.

Tukamwambia Kezia asivue kofia.

Arlene alikuja, akanywa chai, akamwomba Kezia asome. Kezia alisoma mstari mmoja, akaacha. Penseli ikamdondoka. Alipoinama kuiokota, kofia nayo ikaanguka. Nywele zilikuwa zimekatwa ovyo, upande mmoja mfupi kuliko mwingine.

Mimi macho yangu yalikuwa kwenye kalamu ya Arlene. Aliiweka chini. Akauliza taratibu, "Nani amefariki hapa?"

Noreen akashtuka. "Baba mkwe wangu, Januari. Lakini sisi tuna imani. Yuko kwa Bwana. Hatulii."

"Kezia," Arlene akasema, "ni nani alikukata?"

"Nilijikata mwenyewe." Sauti ilikuwa ndogo sana. "Babu alipokufa, Kokum alikata nywele zake mwenyewe, akazifunga na tumbaku kwenye kitambaa. Mama alisema kulia ni kukosa imani. Nikaona kukata nywele siyo kulia. Na sasa nimekatazwa kwenda kwa Kokum."

Tulitazamana. Mama yangu alikuwa amevaa kitambaa kichwani miezi miwili, tangu baba yangu afariki, na hakuna aliyemuuliza sababu. Mimi binti yake sikumuuliza. Niliona aibu mpaka masikio yakawaka moto.

"Si kila familia ya Wakri hukata," Arlene akatueleza. "Lakini wengi hukata, na msuko hutunzwa kwa heshima. Siyo uchawi, ni msiba. Tena Noreen, Yesu alipofika kwenye kaburi la Lazaro alifanya nini?"

"Alilia," Noreen akajibu.

"Na alijua atamfufua. Basi alikosa imani?"

Noreen akaiokota kofia, Arlene akaendelea:

"Mtoto akizuiwa kulia, huzuni haiondoki. Inahamia tumboni, kwenye usingizi, kwenye masomo. Mpeleke kliniki, tumbo lipimwe, tusibahatishe. Lakini pia mtajeni Babu kwa jina. Muulize Kezia anavyojisikia, kisha subiri, usimjibie. Asipopata nafuu, nitawatafutia mshauri wa watoto. Na bibi yake mnamwekea nini mbali? Naye amefiwa."

"Utaandika nini?" Noreen akauliza. Bado alikuwa na shaka naye, na mimi pia.

"Nitaandika kwamba mtoto yuko kwenye msiba, na mama yake anamsikiliza. La pili halijawa kweli bado. Lifanye liwe kweli."

Hata kabla gari la Arlene halijafika barabarani, Noreen alikuwa mlangoni kwa Mama anaomba radhi. Mama alimsikiliza mpaka mwisho. "Mlichelewa kuuliza," alisema, akachukua koti lake akaja naye.

Kliniki walipima, hawakuona ugonjwa. Tumbo halikupoa kwa siku moja. Lakini Kokum alianza kukaa na Kezia mezani, wakiandika habari za Babu kwa Kikri, jinsi alivyotega sungura na jinsi alivyoimba vibaya kanisani. Wiki ya tatu Kezia alimaliza chakula chake. Akasoma ukurasa mzima bila kuambiwa.

Asubuhi moja ya Aprili zamu ya kusali ilikuwa yake. Akasema, "Mungu, nimekukasirikia. Ungemwacha Babu mpaka kiangazi."

Nilimwona Noreen akifungua kinywa amsahihishe. Akakifunga.

"Amina," Kokum akasema.

Noreen akainamisha kichwa mezani, akamlilia mkwewe kwa mara ya kwanza. Kezia akamshika bega.

"Lia tu, Mama," alisema. "Hata Yesu alilia."